Bikoni Sabini na Saba na Beberu Aliyeikalia

Mama yangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha chini cha ofisi ya upimaji wa ardhi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona ardhi yoyote ikipimwa. Kazi yake ilikuwa kadi.

Zamani, wapimaji walipopita maporini na mashine zao, walichimbia vijiguzo vifupi vya saruji, kila kimoja kikiwa na namba yake na msumari wa shaba utosini. Hizo ndizo bikoni. Na ili mpimaji wa baadaye asihangaike, kila bikoni iliandikiwa kadi: "Kutoka kona ya nyumba ya mlinzi, hatua tisini kuelekea kilima chenye nundu, kisha hatua arobaini mkono wa kulia." Mpimaji akiitaka, alishuka ngazi, akataja namba, mama akavuta droo. Kadi zilikuwa mia sita na kumi na nne, na mama alikuwa nazo zote kichwani. Watoto wengine walibembelezwa kwa hadithi za sungura. Mimi nilibembelezwa kwa hatua tisini kuelekea kilima chenye nundu.

Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani, na mkubwa mmoja aliyekuwa mgeni pale akamshukuru mbele ya watu kwa huduma yake iliyotukuka jikoni. Mama alipiga makofi pamoja na wengine, kwa adabu. Kisha akahamia kwetu "kwa wiki mbili tu," na kufikia siku ya tatu hakuna mtu nyumbani mwangu aliyejua chumvi iko wapi. Ilikuwa kwenye rafu ya Ch, baada ya chai, kabla ya chupa.

"Mama, pumzika," nikamwambia.

"Nimepumzika tangu asubuhi. Sasa nataka kwenda kuwaona."

"Kuwaona kina nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina langu mwenyewe. "Bikoni, mwanangu. Mtu unawatunzia karatasi zao miaka thelathini, hata sura zao huzijui. Ni ungwana huo?"

Mimi nina duka la dobi. Nina mashine tatu, pasi mbili, na gari dogo la kusambazia nguo lililoandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu: DOA HALIKAI HAPA. Ndilo gari pekee katika familia, na mimi ndiye pekee mwenye leseni, kwa hiyo udereva wa msafara uliniangukia bila kura. Lakini mtu ambaye mama alimhitaji hasa hakuwa mimi. Alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi miwani. Kutwa nzima anakaa nyuma ya meza ndogo akisaga vioo vya macho ya watu, na ni mpole kiasi kwamba wateja hujikuta wakimnong'oneza. Ni mrefu pia. Akiingia mlangoni hujikunja bila kufikiri, hata kama mlango ni wa kanisa. Na mama yangu alikuwa akimheshimu kwa namna ile ya wakwe, naye akimheshimu mama maradufu, hata ikawa shida. Katika miaka tisa ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimwambia mama sentensi yenye maneno zaidi ya mawili. Shikamoo mama. Ndiyo mama. Nimeshiba mama. Hiyo ya tatu alikuwa akiisema akiwa na njaa.

"Hatua zilizoandikwa kwenye kadi," mama akatueleza Jumamosi ya kwanza, tukiwa tumesimama porini kwenye nyasi za kiunoni, "alizitembea mpimaji mkuu wa enzi hizo. Nilimwona mara mbili. Alikuwa mtu wa miguu mirefu, Mungu amrehemu. Hatua zangu mimi zitatuishia njiani. Mkwe wangu, nyoosha miguu."

"Ndiyo mama," akasema mume wangu, akaanza kutembea.

Nyumba ya mlinzi haikuwepo tena, ulibaki msingi tu, lakini kilima chenye nundu kilikuwepo, tena chenye nundu kuliko nilivyowahi kukiota. Mume wangu alitembea kama korongo, mikono imebana mbavuni, akihesabu kwa sauti ndogo. Tisini. Kulia. Arobaini. Akasimama. Hakukuwa na kitu ila kichaka. Mama akaingia kichakani na mwavuli wake kana kwamba anaingia foleni ya benki, tukasikia miiba ikimpigia kelele.

"Mama?" nikaita.

"Shh! Tunasalimiana."

Tulipofika tulimkuta amechuchumaa mbele ya kijiguzo cha saruji kilichoota ukungu, akikifuta uso kwa leso. Msumari wa shaba ulikuwa bado upo. "Hujambo," alikuwa akikiambia. "Mimi ndiye yule wa chini. Huyu ni binti yangu. Yule mrefu ni mkwe." Mume wangu, kwa kukosa la kufanya, akainamisha kichwa na kukiamkia kile kijiguzo. Nami nilicheka hadi nikakaa kwenye kisiki, na kisiki kikawa na siafu, na kicheko kikaishia hapo.

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Mama alinunua daftari lenye jalada gumu, na kila bikoni aliyoipata aliiandikia hali yake. Si kwa lugha ya ofisi. Aliandika kama daktari wa wodi: "Mzima." "Mzima, ila ana nyufa." "Mgonjwa, mchwa." "Ameinama upande, labda amechoka." Bikoni moja iliyong'olewa na tingatinga la barabara tuliikuta imelala mtaroni, mama akaiandika "Marehemu" na kulifunga daftari. Mume wangu naye akaanza kubadilika. Nilimkamata akifanya mazoezi ya kutembea uani, akipima hatua zake kwa futi ya mshonaji ili zote zilingane.

Kero ilikuwa moja tu: gari. Kila tulipoliegesha mahali penye watu, watu waliona maandishi na kutuletea nguo. Ukijaribu kumweleza mtu aliyebeba mablanketi kichwani kwamba leo hukuja kwa ajili ya kufua bali kutafuta jiwe, anakutazama kwa huruma, anaweka mablanketi ndani ya gari na kukuuliza yatakuwa tayari lini.

Tulipofika bikoni ya arobaini na tatu, mama alitutangazia kwamba sasa yuko tayari kwa namba sabini na saba.

"Ina nini sabini na saba?" nikauliza.

"Haina kitu. Ndiyo maana." Alikuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini. "Miaka thelathini na moja, mwanangu, hakuna hata mtu mmoja aliyeiomba kadi yake. Nyingine zimechakaa kwa kushikwa. Ile mpya kama siku niliyoichapa. Nilikuwa nikiitoa mwenyewe wakati mwingine, nikiitembeza mpaka dirishani, halafu nairudisha. Roho iliniuma."

Jumamosi iliyofuata tukaenda. Kadi, ambayo mama alikuwa ameinakili daftarini, ilisema tuanzie kwenye jiwe kubwa jeusi kando ya njia panda, twende hatua mia moja na kumi moja kwa moja kuelekea mlima wa magharibi. Jiwe jeusi tulilipata. Mlima ulikuwepo. Kati ya jiwe na mlima palikuwa na nyumba yenye ua safi, zizi la mbuzi, na mwanamke mnene wa makamo aliyesimama na ufagio mkononi.

Alikuwa mkunga mstaafu. Tulilijua hilo mapema kwa sababu alijitambulisha hivyo kabla hatujafungua mlango wa gari, na kwa sababu alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu wenye maumivu.

"Shikamoo dada," mama akasema, ingawa walilingana umri. Alikuwa akitafuta kibali. "Tunaomba kupita kwako. Tunatafuta bikoni."

"Bikoni ndiyo nini?"

"Ni jiwe."

Mkunga akatazama huku na huku. Eneo lote lile lilikuwa mawe matupu. "Na haya yote mliyoyaruka kuja hapa, hayakuwafaa?"

"Tunalitaka moja tu maalumu."

"Ninyi ni watu wa serikali?"

"Hapana, dada. Tunafanya kwa kupenda tu."

Hapo mkunga akaanza kutukunjia uso, na nadhani angetufukuza, lakini macho yake yakaangukia gari. Akasoma polepole, akisogeza midomo. Doa. Halikai. Hapa. Uso ukafunguka kama dirisha. "Mngesema basi! Nina mapazia sita na mablanketi manne." Dakika tano baadaye mapazia yenye maua makubwa ya waridi yalikuwa ndani ya gari, nasi tulikuwa wageni rasmi.

Mume wangu alianza kuhesabu kutoka kwenye jiwe jeusi. Hatua ya tisini na sita ilimfikisha kwenye ukuta wa zizi, ambao ulikuwa wa magogo yaliyopangwa, na mbele yake palikuwa na mlango mdogo waliotengenezewa mbuzi.

"Nizunguke?" akamwuliza mama. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa mama tangu tuoane.

"Hatua hazizunguki, mkwe wangu. Ukizunguka tumepotea."

Basi akapiga magoti na kuingiza kichwa. Kichwa kilipita. Bega moja likapita. Kisha akakwama. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma, na kwa vile ni mtu mpole hakupiga kelele, alisema tu kwa sauti ya chini, kutoka upande wa pili, "Samahani jamani."

Sijawahi kuona mtu akifurahi kama yule mkunga. Ufagio aliutupa. Mikono ya gauni aliikunja hadi viwikoni. "Nyote rudini nyuma!" akaamuru, akachuchumaa kando ya mume wangu na kumshika kiuno kama mali yake. "Baba, sikiliza mimi tu. Usibane. Vuta pumzi. Toa kidogo kidogo. Mabega yamekaa vibaya, tutayageuza. Umefanya vizuri sana! Sasa, nikisema sukuma, sukuma!"

"Ndiyo mama," akasema mume wangu kutoka ndani.

"Sukuma!"

Alisukuma. Mkunga akamzungusha robo, kitu kikalia kama karatasi inayochanwa, na mume wangu akatoweka ndani ya zizi mzimamzima, miguu ikimalizia.

"Salama," mkunga akatangaza, akijifuta jasho. "Mkubwa, lakini salama."

Kilichochanika kilikuwa suruali, kutoka mkanda hadi chini ya goti. Mama alikuwa tayari amegeuka na kuutazama mlima. Ndani ya zizi mume wangu naye alikuwa ameupa ukuta mgongo, akitazama upande mwingine kabisa, na hivyo, wakiwa wamegeukiana migongo na kutenganishwa na magogo, wakafanya mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kufanya.

"Mkwe wangu, umeumia?"

"Hapana mama, niko salama, ila naomba usigeuke."

"Sigeuki, baba. Siwezi kugeuka. Ulikuwa umefika ngapi?"

"Tisini na saba, nikihesabu na ile ya kutambaa."

"Ya kutambaa si hatua. Tisini na sita."

"Lakini mama, nimesogea mbele."

"Umesogezwa. Si sawa na kutembea."

"Mama, kwa hili naomba tutofautiane."

Nilishika mdomo. Mkunga akanitazama, nikamwashiria anyamaze. Nikakimbilia gari na kurudi na pazia moja, nikalirusha juu ya magogo. Kidogo baadaye mume wangu akasema, "Tayari," naye mkunga akazunguka kona, akafungua geti kubwa la zizi ambalo hata ng'ombe wawili wangepita sambamba, na kutuuliza, "Kwani hili hamkuliona?"

Tuliingia. Mume wangu alikuwa amejifunga waridi kiunoni hadi vifundoni, na alikuwa akitembea tena, kwa heshima zake zote. Mia na nane. Mia na tisa. Alipofika mia na kumi pua yake ilikuwa inakaribia kugusa pua ya beberu mweupe mwenye ndevu, aliyesimama juu ya kitu, miguu yote minne imekusanywa pamoja, akitutazama kama mwenyekiti wa kikao.

"Amesimama juu ya nini?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hicho? Si mngesema!" Mkunga akacheka. "Hicho ni kiti chake. Tangu nimehamia hapa kila beberu niliyemfuga hukikalia. Hashuki hapo ila mvua."

Tulijaribu. Tulimvuta pembe, tukamsukuma, tukampa majani. Mkunga alimwambia avute pumzi. Beberu hakutikisika. Mwishowe mama akafungua daftari ili tu ahakikishe maelezo, na beberu akanyoosha shingo, akauchukua ukurasa wa sabini na saba kwa midomo, akaung'oa, akashuka nao na kwenda kuulia kivulini.

Mama hakumjali. Alikuwa tayari amepiga magoti kwenye samadi, anasugua saruji kwa leso. "Hujambo, sabini na saba," alikuwa akisema. "Pole. Pole kwa kusahauliwa. Pole kwa huyu mnyama." Alisugua namba. Kisha akaacha kusugua. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Mkwe wangu, nisomee wewe. Labda macho yangu."

Mume wangu akainama, akishika waridi zake. Macho ndiyo kazi yake, akisoma kitu amesoma. "Sabini na nane, mama," akasema taratibu.

Mama akakaa chini, pale pale. Akatueleza akiwa hapo chini. Wiki yake ya kwanza kazini, bomba la ofisi lilipasuka na kulowesha droo moja, akapewa kadi kumi na mbili azichape upya. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tano. Maelezo ya sabini na nane aliyachapa kwenye kadi ya sabini na saba, na ya sabini na saba kwenye kadi ya sabini na nane. Na kadi aliyokuwa akiionea huruma miaka yote, akiitembeza dirishani, ilikuwa kosa lake mwenyewe.

Jumatatu alivaa gauni lake la harusi za watu, akaandika barua kwa mkono, nami nikampeleka ofisini. Mkuu wa upimaji, mtu wa sauti ya taratibu, alitukaribisha viti. Mama hakukaa. Alisoma barua yake akiwa amesimama, na ilimalizika hivi: "Kwa hiyo nakiri kosa hili na naomba nichukuliwe hatua."

Mkuu akamtazama. "Hatua ngapi, mama?"

Hakuwa akitania. Alikuwa amekwishafungua droo, ametoa kalamu, na kuita wapimaji wawili wa chumba cha pili. Wakaja, dada mmoja mwenye kofia na kijana mmoja wa kiume mwenye bandeji mguuni. "Mwambieni mama mlikuwa wapi wiki tatu hizi," mkuu akasema.

"Kwenye kinamasi," akasema dada. "Tunatafuta sabini na nane. Inahitajika kwa mpaka wa bwawa jipya la maji. Tulifuata kadi vizuri kabisa."

"Mkapata nini?"

"Sabini na saba," akasema wa bandeji, kwa uchovu mkubwa. "Kila siku. Tunahesabu hatua, tunafika sabini na saba. Tunasema tumepotea, tunarudi kuanza upya, tunafika sabini na saba. Mimi nilikuwa naikalia nikila mkate wangu wa mchana."

Kisha dada mwenye kofia akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza, halafu akaja na kumkumbatia mama kwa nguvu, gauni la harusi na yote. Mkuu naye akaomba kuona daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, bila kutabasamu, bikoni arobaini na tatu na hali zao, kwa sababu ofisi yake haikuwa imepeleka mtu kuzikagua kwa miaka kumi. Akaagiza ziingizwe zote kwenye kompyuta, neno kwa neno. Ndiyo maana hadi leo, mpimaji yeyote akiifungua kumbukumbu rasmi ya bikoni mia moja na tano, atasoma: "Mzima, ila anahitaji kutembelewa."

Jumamosi hiyo tulikwenda kinamasini watu watano. Gari lilizama tope hadi kwenye neno HALIKAI, wapimaji wakalisukuma, na mimi nikajua kazi ya Jumapili yangu. Mume wangu na mama walitangulia wakibishana kwa sauti kubwa kama hatua ndani ya maji ni sawa na hatua ya nchi kavu. Yeye alisema ni fupi zaidi. Mama alisema inategemea viatu. Hakuna aliyesema "ndiyo mama."

Sabini na saba ilikuwa imesimama kwenye kisiwa kidogo cha nyasi, safi kuliko zote, juu yake kuna makombo. Mama aliiamkia, akaiomba radhi kwa kirefu, akaieleza habari za bomba lililopasuka. Kisha akamgeukia yule wa bandeji na kusubiri. Kijana wa watu akatutazama mmoja mmoja kutafuta msaada, hakuupata, akanyoosha mgongo.

"Samahani kwa kukukalia," akaiambia bikoni.

Mama akatikisa kichwa kukubali, akafungua ukurasa mpya na kuandika: "Mzima. Amekaliwa, lakini hana kinyongo." Halafu akauliza ni nani aliyebeba maji ya kunywa, kwa sababu mia tatu na mbili haikuwa mbali na pale, na jua lilikuwa bado juu.